Mstari wa Pili

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika kazini saa 2:11. Sababu ni soksi. Ya kulia ilikuwepo, ya kushoto imeingia mitini. Halafu mama mkwe alikuwa bafuni. Mama mkwe yuko bafuni tangu Februari.

Katibu muhtasi alikwisha kuchora mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Huuchora saa mbili kamili kwa rula ya mbao, uso mkavu, kisha huenda kuchemsha chai. Aliyesaini juu ya mstari amewahi. Aliye chini ni mchelewaji, na mwisho wa mwezi jina lake linapandishwa ghorofani kwa Bosi.

Mimi simo! Siri hii naiandika hapa tu. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye namwita Nambari Moja kwa kuwa sahihi yake ndiyo ya kwanza kila siku ya Mungu, ana uzembe mmoja. Anasaini mstari wa kwanza, wa pili anauruka. Wanaomfuata nao, bila kufikiri, wanaanzia wa tatu. Basi katibu akienda kwenye chai yake, mimi nachomeka jina langu pale kati. Saa 1:32. Miaka miwili sasa na hakuna aliyeshtuka. Nafanya kazi na watu wasioona mbele ya pua zao.

Leo kuna jambo. Mkuu wa masjala anastaafu. Tumeomba nafasi wawili, mimi na Nambari Moja. Usaili ni Ijumaa, saa nne. Bosi kasema vyeti vyetu anavijua, atakachotazama ni daftari la mahudhurio.

Nakitaka kile cheo. Miaka kumi na tisa napokea mafaili, nayapanga, nagonga mihuri. Meza ya tatu, mgongo kwenye mashine ya kunakilia inayonipulizia joto kutwa nzima. Hakuna karatasi inayotoka mezani kwangu bila namba ya kumbukumbu. Hata orodha ya sokoni ya mke wangu niliwahi kuipa namba, akaninunia siku mbili. Mkuu wa masjala ana chumba. Kina dirisha. Kina mlango unaofungwa.

Na kuna suala la mama. Alipolazwa, miaka miwili iliyopita, aliwaambia manesi wote wa wodi kwamba mwanawe ni mkuu wa masjala. Wakaanza kuniamkia mkuu. Sikuwasahihisha. Mama amekwenda kaburini akiamini hivyo, au akijua anadanganya, sijui. Sikumuuliza.

Mstari wa pili hautoshi. Nataka wa kwanza.

Jumanne, 10 Juni

Mkakati: kumwahi Nambari Moja. Saa za kengele mbili badala ya ile moja ya kila siku: moja chini ya mto, nyingine ndani ya sufuria tupu ili ipige kelele maradufu.

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri! Mke wangu naye kaamka, na majirani pia, na maneno waliyosema siyaandiki.

Bafuni: mama mkwe. Nikabisha mara moja. Akauliza kutoka ndani kama nyumba inaungua. Nikamwambia hapana, mama, samahani, oga tu. Mlango wa mama mkwe haubishwi mara mbili. Nikakaa kwenye kiti nje ya mlango, mswaki mdomoni, nikasubiri.

Nimeamshwa na mke wangu saa mbili kasorobo, mswaki ungali mdomoni. Mama mkwe alinipita akasema nisisumbuliwe, nimechoka.

Kazini saa 2:20. Mstari wa pili mtupu kama kawaida. 1:32. Nambari Moja kaniuliza kama nyumbani wote wazima. Huniuliza hivyo kila wiki, kwa sauti ya chini, na uso wa huruma. Mmbeya! Nikamjibu wazima, kwa nini wasiwe wazima.

Saa ya chakula cha mchana, mapokezi hakuna mtu. Nikapanda kiti. Nikarudisha nyuma saa ya ukutani, dakika ishirini. Anayeweza kuamka mapema na aamke. Sisi wengine tunatumia kichwa.

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Nimeingia, saa ya ukutani inasema 1:56, katibu ameshika rula lakini hajachora. Nikasaini mstari wa kumi na mbili, mbele ya macho yake, kwa mwandiko mkubwa. 1:56. Nikausikia moyo wangu ukiwa mweupe. Mstari wa pili niliutazama ukiwa mtupu, nikaupuuza. Sina shida nao leo. Nikarekebisha saa yangu ya mkononi iende sawa na ile ya ukutani, maana mimi si mtu wa kukaa na saa isiyo sahihi.

Jioni ushindi ulipungua. Kwa hesabu ya saa ya ukutani, ofisi nzima imetoka kazini dakika ishirini baada ya muda wake. Katibu kaachwa na basi. Mhasibu naye kachelewa kumchukua mtoto shule, kamkuta getini analia. Nikalaani saa hiyo kwa sauti kuliko wote. Nambari Moja akatazama saa yake, akapanda kiti kilekile, akairudisha sawa. Kiherehere. Wote wakamshukuru.

Kuna kitu nilitakiwa kukikumbuka baada ya hapo, lakini kimenitoka.

Alhamisi, 12 Juni

Saa yangu ya mkononi! Ndiyo niliyotakiwa kuikumbuka.

Nimetembea kwa raha kutoka kituoni. Nimesimama kutazama watu wakipaka jengo rangi. Nikafika saa 2:31. Hata kwangu mimi hiyo ni aibu. Katibu alikwisha kurudi na kikombe chake. Nimejifanya natafuta kalamu niliyoiangusha chini ya meza yake, kwa dakika nne, mpaka akaondoka kwenda kutupa majani ya chai. Mstari wa pili. 1:32.

Nimekaa kitini nachemka. Kesho usaili. Nambari Moja hana hata alama moja chini ya wino mwekundu. Mtu asiye na dosari ni lazima atafutiwe. Nikafikiri mpaka saa tano, nikaipata: daftari! Anaruka mstari kila siku. Huo si uzembe tu, huo ni mlango wa ufisadi.

Nikaandika barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto, mwandiko ukatoka kama wa mgonjwa. Nimemwuliza Bosi kwa heshima zote: mstari wa pili huyu bwana anamwekea nani? Je, ofisi yetu ina mfanyakazi hewa? Kwa nini mtu huyuhuyu apewe funguo za masjala? Wako mtiifu, Mpenda Haki.

Nimeirudia kuisoma mara mbili, nikaikamilisha kwa kila kitu kama inavyotakiwa, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Bosi hulifungua kila Alhamisi jioni. Nimekwenda nyumbani napiga mluzi. Nimemwambia mke wangu aanze kuzoea kuitwa mke wa mkuu. Akauliza mkuu wa nini.

Ijumaa, 13 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nne nimepanda ghorofani, shati limepigwa pasi, upande wa mbele. Bosi kaniketisha, kaniambia kuna barua imeingia na inamhuzunisha. Kaisoma yote kwa sauti. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikasema ofisi imeharibika. Nikasema mambo ya namna hii yachunguzwe mpaka mwisho.

Bosi kakubali. Kaniagiza mimi, kwa kuwa ni mtu wa masjala, nishuke nikalete madaftari ya mahudhurio ya miaka miwili.

Nikashuka. Ngazini ndipo akili ilipoanza kunijia. Nikapanda nayo yote sita, moja juu ya lingine, kidevu kikiyashikilia. Sikupata wazo lolote. Niliomba nianguke, sikuanguka.

Bosi akafungua. Mstari wa pili: mimi. Akapindua. Mimi. Akafungua daftari jingine, katikati. Mimi. Saa 1:32, saa 1:32, saa 1:32. Miaka miwili, wala sikuwahi kuona haya nikaandika hata 1:34. Siku moja tu nafasi ile ilikuwa tupu, juzi Jumatano. Akaniuliza nina la kusema. Nikasema mimi ni mtu wa ratiba.

Akaitwa Nambari Moja. Nilitaka ajitetee kwa uongo, au anishambulie, chochote ambacho ningeweza kukijibu. Akasimama mikono nyuma, akamwomba Bosi radhi, akasema kosa ni lake. Akasema wakati ule mama yangu amelazwa, nilikuwa napitia hospitali kila asubuhi kumpelekea chai kwenye chupa, ndipo nije kazini. Akaona si haki mtu atoke wodini kwa mama yake akute wino mwekundu. Akaacha mstari. Akawaambia na wenzake wauruke. Katibu naye anajua, ndiyo maana huenda kwenye chai kila akishachora. Mama alipofariki akadhani nitarudi kuwahi. Sikurudi kuwahi. Akahisi nina mzigo nyumbani nisioweza kuusema, akawa ananiuliza kama wote wazima, nami namjibu wazima. Basi akaendelea kuuacha.

Nilitazama sakafu. Nimegundua zulia la Bosi limechanika karibu na mguu wa meza. Niliona haya, na nikamkumbuka mama vibaya sana, akiwa amekaa kitandani na ile chupa ya chai mapajani, akimwambia nesi, huyu hapa mkuu wa masjala.

Sekunde chache zaidi na ningemshika yule bwana mkono. Lakini nilikumbuka kwamba barua haina jina. Nikakaza moyo. Nikamwambia Bosi kwamba mimi pia nimeumia, na kwamba tumtafute huyu Mpenda Haki mwenye roho mbaya aliyetaka kutugombanisha.

Bosi akaigeuza barua juu ya meza ili iniangalie. Akaweka kidole kwenye kona ya juu, kulia.

Kumb. Na. MS/3/47.

Masjala, meza ya tatu, barua ya arobaini na saba mwaka huu. Na chini kabisa, kwa mkono wangu wa kushoto: Nakala, jaladani.

Jumamosi, 14 Juni

Nambari Moja ndiye mkuu wa masjala. Mimi nabaki meza ya tatu na barua ya onyo. Sikufukuzwa. Nasikia ni yeye aliyeniombea. Hata hilo kanifanyia!

Nimemweleza mke wangu. Kacheka mpaka kashika ukuta, kwenye ile namba. Nilipofika kwenye chupa ya chai akaacha kucheka. Akaketi. Akasema, baba watoto, mtu kama huyo unamwendea na miguu yako miwili unamshukuru, na kesho yake unaamka mapema, basi, hakuna kingine. Nikasema na bafu je? Mama mkwe akadakia kutoka chumbani kwamba yeye huingia bafuni mapema kwa sababu kila siku anasikia kengele yangu na hakuna anayeamka.

Jumapili, 15 Juni

Siku ya toba. Nimepiga shati pasi, mbele na nyuma. Soksi zote mbili zimefungwa pamoja kwa uzi. Saa ya mkononi sawasawa na ya redio. Mama mkwe kakubali kunipisha bafuni.

Nimejizoeza mbele ya kioo: ndugu yangu, nilikukosea, nisamehe. Mara ya kwanza yalitoka kama barua ya kikazi. Mara ya nne nilitokwa na machozi, kidogo. Nimeridhika sana na mara ya nne. Kesho nitakuwa mtu mwingine.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefika saa 2:14. Niliwahi kuamka, bafu lilikuwa tupu, sikuwa na pa kusubiri. Nikaona nina muda tele, nikarudi kujinyoosha kidogo. Kisha ule uzi wa soksi ukagoma kufunguka.

Mapokezi hakuna mtu. Katibu yuko kwenye chai. Daftari liko wazi, mstari mwekundu umechorwa. Wa kwanza: Nambari Moja, sahihi ileile, kana kwamba hajapata cheo. Wa tatu na kuendelea: wengine.

Wa pili: mtupu.

Nilisimama pale. Baada ya yote yale! Kupitia mlango wa chumba chake nilimwona kakaa kando ya dirisha langu, anapanga mafaili yake. Akainua uso akanitazama, akainamisha kichwa kunisalimia, akaniuliza kama nyumbani wote wazima.

Maneno ya kwenye kioo yalifika mpaka kwenye meno. Mara ya nne, ile nzuri. Lakini nikawaza: huyu anataka nini kwangu? Anataka kila asubuhi niuone wema wake, niusaini, mpaka nistaafu. Mtu wa namna hii ni hatari. Mkuu wa masjala mzima anaruka mistari, tena baada ya kumwomba Bosi radhi!

Nikamjibu wazima. Nikasaini mstari wa pili. Saa 1:32. Nikaenda mezani kwangu, nikaegemeza mgongo kwenye joto la mashine, nikavuta karatasi safi, kalamu mkono wa kushoto. Safari hii nitakuwa mwangalifu. Bosi lazima ajulishwe.

Nimeanza na kona ya juu, kulia.

Kumb. Na. MS/3/48.