Ndege Ishirini na Mmoja wa Nasur

Jumatatu, 5 Mei 2025

Khaemba amefikisha ndege kumi na tisa. Mimi nina saba tu.

Tangu Zulaikha, mke wangu, aniwekee kwenye simu ile programu inayosikiliza mlio na kutaja jina la ndege, sina hamu na kazi. Miaka kumi na miwili nauza magodoro hapa Bwaise, kando ya Barabara ya Bombo, na sikujua kwamba juu ya bati langu anaishi chozi. Ni ndege mdogo kama kidole gumba, anang'aa kama kitambaa cha bi harusi. Nilituma mlio wake kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha watazama ndege. Mama Rosalba, mwalimu mstaafu anayekiongoza, akajibu kwa moyo mwekundu. Nilifurahi mpaka nikamfungia mteja godoro lisilo lake.

Sasa Mama Rosalba ametangaza shindano. Atakayekuwa na sauti za ndege wengi zaidi kufikia Jumamosi ataongoza matembezi ya Jumapili kwenye kinamasi cha Lubigi, na darubini ya kikundi itakaa shingoni mwake. Khaemba ameandika kwamba shingo yake iko tayari. Huyu ni mtunza ghala wa Ntinda, kwao Bungoma, Kenya. Yeye ana miti. Mimi nina malori. Si haki.

Jumatano, 7 Mei

Nimepata njia. Simu ya Zulaikha inatoa milio ya ndege kutoka YouTube, simu yangu inasikiliza na kutaja majina. Kazi yote nimeifanya nimelala juu ya godoro la maonyesho, chai mkononi. Ndege kumi na wanne kabla ya adhuhuri. Jumla ishirini na mmoja.

Kikundi kimewaka. Husnah, fundi cherehani wa Makindye, ameniita profesa. Khaemba ameuliza nilikuwa nimesimama wapi hasa. Nimemjibu kwamba ni suala la subira.

Zulaikha ameuliza kwa nini simu yake inalia kama bundi. Nimesema ni mtandao.

Ijumaa, 9 Mei

Siku mbaya. Mama Rosalba amesikiliza rekodi zangu zote, moja baada ya nyingine. Ameandika, kwa adabu inayouma, kwamba namba kumi na sita ni ngwini, ndege wa bahari za barafu, na angependa kujua alifika Bwaise kwa basi gani. Nikajibu kwamba siku hizi hali ya hewa imebadilika sana. Ndipo Khaemba akawatumia watu tena namba kumi na nane, ambapo mlio ukiisha tu, mwanamume anasema kwa Kiingereza asante kwa kutazama.

Watu thelathini na wawili wametuma nyuso za kucheka. Nimezima simu na kujibanza nyuma ya magodoro.

Zulaikha akanikuta hapo. Nilitarajia atanicheka.

"Baba Latif," akasema, "ulikuwa na ndege saba wa kweli. Jioni ulikuwa unatusimulia habari zao, na watoto wanaacha televisheni wakusikilize."

Nimewasha simu, nimeomba radhi. Mama Rosalba amesema nije Jumapili hata hivyo, ila nitembee mwisho wa mstari.

Jumapili, 11 Mei

Lubigi. Khaemba mbele, darubini shingoni, anatembea kama yuko kwenye gwaride. Nikaona bora nimpite kwa kukata katikati ya mafunjo. Hatua ya nne nikazama hadi kiunoni. Simu pia. Aliyerudi kunivuta ni Khaemba, na suruali yake nyeupe ikaishia pale. Hakunilaumu.

Tulipokuwa tumekaa tunajipangusa, filimbi ikasikika ndani ya mafunjo. Nyingine ikaijibu. Khaemba akanyanyua simu yake kati yetu, ikatoa jina refu la Kiingereza. Kisha mwenyewe akatokea: mgongo mweusi, utosi wa njano, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva.

Mama Rosalba alinong'ona kwamba amemtafuta ndege huyo miaka sita.

Khaemba akavua darubini. "Ndugu Nasur, mtazame wewe kwanza."

Nimemtazama. Machozi yalinitoka, nikasema ni matope. Kisha tukapokezana darubini, wote tumechafuka, tunacheka kama watoto wa shule.

Husnah alikuwa anarekodi, akaiweka video mtandaoni. Kufikia magharibi imetazamwa mara elfu tisa, na watu kumi na wawili wameomba kuingia kwenye kikundi. Wanauliza yule mzee wa matope ni nani. Ni mimi.

Nimeapa mbele ya Zulaikha: sitadanganya tena kuhusu ndege hata mmoja.

Jumanne, 13 Mei

Simu imepona. Nimejiunga na kikundi cha Facebook cha wapanda maua. Kuna shindano la waridi, na mshindi picha yake inawekwa juu kabisa ya ukurasa kwa mwezi mzima.

Sina hata kopo la udongo. Lakini Nabwire, jirani yetu, ana waridi la manjano lisilo na mfano, na ukuta wake ni mfupi. Nimenyoosha mkono, nimepiga picha, nimeandika: jitihada zangu za miaka minne.

Kiapo kilihusu ndege. Maua sikuyataja.

Watu arobaini wameshapenda. Mmoja ameuliza natumia mbolea gani. Anaitwa Nabwire.