Kipimajoto cha Dirishani

Jumatatu, 7 Julai

Hapa kijiji kizima cha Mpemba, mtu anayeelewa joto na baridi kwa vipimo ni mimi peke yangu. Nimesomea mambo hayo.

Haya, sikusomea. Niliishia darasa la nne, na joto lilikuwa la darasa la tano. Lakini kipimajoto ninacho! Nimekinunua leo Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kwa kijana aliyekuwa akiniita shikulu, yaani babu kwa Kibemba, kila nikiuliza swali. Nimeuliza maswali kumi na saba. Kufika la kumi aliacha kuniita shikulu.

Yote haya kwa ajili ya Blessing, mjukuu wangu wa miezi mitatu. Halali. Akifumba macho kidogo, anakurupuka na kulia. Baba yake, mwanangu Hezron, yuko Zambia na lori. Mama yake, Witness, amechoka mpaka anatia chumvi kwenye chai. Na mama yake Witness, mkwe wangu Fortunata, amekuja kutoka Ruanda, ya hapa mkoani si ile nchi, kusaidia, na mablanketi mengi kama anahamia mlimani. Anasema mtoto anasikia baridi. Upepo wa Julai unavuka mpaka bila kukaguliwa, anasema, na nyumba yangu ina matundu. Ametangaza: mtoto asipolala vizuri, Jumamosi anamchukua, yeye na mama yake, wakakae Ruanda.

Mjukuu wangu! Ruanda! Mimi nibaki nikiongea na mbuzi?

Jumanne, 8 Julai

Nimemfuata nesi Elizabeti zahanati. Ameniuliza naumwa wapi. Nimesema siumwi, nina swali. Ameshusha pumzi.

Amesema chumba cha mtoto kisiwe jiko wala friji. Nyuzi ishirini hivi, au chini kidogo, zinatosha. Jiko la mkaa ndani ni marufuku, linaua watu wakiwa usingizini. Kofia ivuliwe mtoto akilala. Kwa nini kofia? Kwa sababu mtoto hutolea joto kichwani. Nimevua yangu hapohapo nihakikishe. Kweli! Nimeuliza kama upara unatoa joto zaidi kuliko nywele. Amesema foleni ni ndefu.

Sasa tatizo. Kwetu baba mkwe haingii chumba cha mkamwana. Hata kuchungulia ni aibu. Na nikimwachia Witness asome yeye, Fortunata atasema kipimo kimesema anavyotaka Fortunata. Nimekaa kwenye kigoda, nimewaza, nimesinzia, nimewaza tena. Akili hiyo! Nimefunga kipimajoto kwa kamba nyembamba, nikakining'iniza kwenye nondo za dirisha lao, kwa nje ya pazia. Nikitaka kusoma, navuta kamba kama navua kambale. Sijaingia, sijachungulia. Mila imeheshimiwa, sayansi imeheshimiwa.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi nimevuta kamba. Nyuzi kumi na mbili!

Nimevuta tena saa nne. Kumi na tano. Nesi alisema ishirini. Ina maana Fortunata ni mkweli? Haiwezekani. Nimewahi kumsikia akisema kahawa ya Ruanda inashinda ya kwetu.

Labda kipimajoto ni kibovu. Nimekijaribu. Kwapani kwangu: thelathini na tano. Chini ya tumbo la mbuzi: thelathini na sita, na teke moja. Chini ya kuku anayeatamia: sijui, kuku hakukubali. Kwenye uji: kiliishia hamsini, nikakitoa haraka. Uji ulikuwa na ladha ileile. Kwa hiyo kipimajoto ni kizima. Chumba ndicho kibovu.

Fortunata amepita akauliza kimesema nini. Nimesema bado kinafikiri. Ameniambia Baba Hezron, kama kinafikiri polepole hivyo, mmefanana. Halafu amemwongezea mtoto blanketi la tatu na kofia ya pili. Mtoto amelia zaidi.

Alhamisi, 10 Julai

Kilio cha asubuhi. Kilio cha mchana. Fortunata amemgusa Blessing viganja, akasema ni baridi kama samaki, na ameanza kufunga mizigo. Amenipa nafasi moja. Kesho baada ya chai, kipimo kisomwe mbele ya shahidi. Chini ya ishirini, wanaondoka. Shahidi awe Gibson, jirani, kwa sababu ana miwani.

Nimekubali kwa sauti kubwa. Moyo ulikuwa mdogo.

Ijumaa, 11 Julai

Nilikuwa na mpango. Mzuri! Nikitoe kipimajoto mapema, nikiweke kwapani chini ya koti kidogo tu, kifike ishirini na moja, nikirudishe dirishani kabla hawajatoka.

Nilisahau salamu za Gibson. Amekuja mapema, akanikuta kwapa limebana. Akauliza hali. Akauliza ya nyumbani. Ya Hezron. Ya lori. Ya mbuzi, ambaye anamwona kwa macho yake. Akaniuliza mbona nasimama kama nimevunjika mkono. Nikasema ni baridi yabisi, na hapo akaanza kunieleza ya mjomba wake. Nilipopata upenyo wa kukitundika, Fortunata alikuwa ameshafika kwenye kona ya nyumba.

Gibson amevuta kamba, amesafisha miwani, amesoma. Thelathini na nne.

Halafu Fortunata amepiga kelele kwamba mtoto anaokwa kama mkate! Kwamba hakuna kusubiri Jumamosi, wanaondoka leo hii!

Ndipo Witness ametoka na mtoto mkononi. Wiki nzima hakusema neno. Amepiga magoti, akaniuliza kwa heshima zote, baba, hicho kitu umekining'iniza wapi? Nimeonyesha. Amelitazama dirisha, amelitazama pazia, akasema baba, hapo kinapima upepo wa Zambia.

Gibson amecheka mpaka amevua miwani.

Witness ameingia nacho ndani, akakiweka karibu na kitanda. Tumesubiri. Ametoka: kumi na tisa. Chumba hakina kosa, nesi alisema ishirini au chini kidogo! Halafu amemgusa Blessing shingoni kwa nyuma, akatuonyesha kiganja. Kimelowa jasho. Amesema nesi alimfundisha tangu kliniki ya kwanza kwamba viganja vya mtoto hupoa tu, hapimwi hapo, ni shingoni. Alitaka kutuambia, lakini sisi wazee wawili hatukumpa nafasi. Amevua kofia zote mbili, ametoa mablanketi mawili, akavikabidhi vyote kwa mama yake.

Blessing amelala mpaka adhuhuri. Fortunata amefungua mizigo bila kunitazama.

Jumamosi, 12 Julai

Blessing amelala tena. Haendi popote! Ushindi wa kipimajoto changu, kama nilivyosema tangu mwanzo. Fortunata naye anasema ni ushindi wa mablanketi yake, kwa kuwa yaliondolewa kwa wakati.

Sasa nimeanza kujiuliza kuhusu kelele. Mtoto anahitaji kimya kiasi gani? Jogoo wa Gibson anazidi kiwango au hazidi? Lazima kipo kitu cha kupimia. Jumatatu navuka Nakonde, yule kijana atakuwa amenikumbuka.

Witness, najua unalifungua daftari hili, nimelikuta likiwa limegeuzwa. Kipimajoto changu kimebaki chumbani kwako, na siwezi kukifuata. Kwa hiyo nakudai kidogo. Akiamka, mlete barazani nimpakate. Si muda mrefu, mpaka chai yangu ipoe tu. Nayo chai yangu huchelewa kupoa.