Fahali wa Springi Moja

Jumatatu, 10 Oktoba 1966
Nimefanya! Nimebadilishana na Hersi wa mtaa wa Bulla Pesa. Yeye kachukua fahali wangu, mimi nimechukua pikipiki aliyoachiwa na marehemu baba yake, askari wa vita vya Burma. Si pikipiki ya mchezo. Mbele ina springi moja nene, imekaa wazi katikati ya vyuma vinne, unaiona ikipanda na kushuka. Kila shimo inalia: kwii-kwaa! Hersi amenionya nisiipake mafuta, niiache ilie, watu wameizoea. Wivu tu. Ameanza kujuta.

Tatizo dogo moja. Fahali alikuwa wa mahari ya Kinanu, mchumba wangu. Baba yake, Mzee Rimberia, anashuka kutoka Meru Jumamosi na msafara wa magari unaolindwa na askari kuja kumwona, maana kwetu fahali wa mahari hasifiwi kwa barua. Lakini mzee akiiona pikipiki atasahau pembe. Nina hakika. Karibu hakika. Kondoo dume wa mahari bado yupo.

Jumanne, 11 Oktoba
Nimempitia Kinanu kwenye zahanati anakofanya kazi. Marete alikuwa pale! Marete ni karani mwenzangu ofisi ya mifugo, ana pikipiki mpya yenye miguu ya mbele ya bomba, mafuta yamo ndani, haitoi hata mguno. Akaniuliza mbele ya wagonjwa kama nimekuja na kitanda cha nyanya yangu. Hata aliyevunjika mbavu alicheka, akaumia. Kinanu naye alicheka, ameziba mdomo. Iliniuma sana.

Nikakaza kile kirungu cha ubavuni kinachotuliza springi. Nikakaza tena. Ikanyamaza kabisa, ikagoma kucheza kabisa. Jiwe la kwanza la mtaa wa Chechelesi, nikajiuma ulimi. Nimekilegeza.

Jumatano, 12 Oktoba
Sijalala vizuri. Siku tatu zimebaki. Leo nilitumwa boma la mifugo la serikali huko juu, barabara ya Meru. Petroli ni shida siku hizi za vita vya shifta, kwa hiyo wakati wa kurudi nilizima injini nikateremka bure mpaka kizuizi cha askari. Ajabu! Lori lililonitangulia lilipekuliwa mpaka chini ya viti. Mimi, hata kona sijaimaliza, Koplo Akaale keshainua mti. Hakuuliza kipande cha utambulisho. Alinipungia mkono! Mtu mkubwa hutambulika kwa mbali.

Sasa imebaki hiyo kelele tu.

Alhamisi, 13 Oktoba
Grisi hakuna mjini, yote inakwenda kwa magari ya jeshi. Nikanunua samli kwa Mama Asho anayeuza maziwa sokoni. Aliuliza ni ya wali au ya chapati. Nikamwambia ni ya springi. Akaniombea kwa Mungu, akaniongeza kijiko. Nimepaka kila kiungo. Kimya! Mbwa wawili wamenifuata mpaka ofisini, lakini kimya! Marete alipiga magoti kuikagua.

Ijumaa, 14 Oktoba
Nilitumwa tena boma la juu. Nikateremka tena, injini imezimwa, kimya kama paka, najipongeza. Nikapinda kona. Koplo Akaale akaruka barabarani, bunduki mbele: “Simama! Mikono juu!”

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nikiamriwa, natii. Niliinua mikono yote miwili. Pikipiki haikuwa na wa kuishika, ikaacha barabara, ikaingia nami kwenye sufuria ya maharagwe ya askari.

Nikalala kifudifudi, mtutu mgongoni, maharagwe sikioni. Nilijua nimekufa. Nilimwita mama. Koplo aliponitambua alikaa chini, akaweka bunduki kando. “Wewe Mungania! Mimi najua wewe na hiyo kilio. Ikilia, najua ni karani. Ikinyamaza, nijue ni nani? Kidole ilikuwa hapa!” Akanionyesha kidole. Sitakisahau. Pikipiki imezuiliwa, na mzee anakuja kesho.

Jumamosi, 15 Oktoba
Mzee Rimberia ameshuka, amekataa chai, ameuliza fahali yuko wapi. Mimi akilini nina pikipiki tu, nikasema ameshikwa na askari. Akauliza kosa lake. Nikasema, kumwaga maharagwe. Mara Koplo Akaale huyo, anaisukuma pikipiki! Ameisugua kwa sabuni na mchanga, inalia kuliko mwanzo. Akatangaza mbele ya wote kwamba isipolia, haipiti.

Mzee akaizunguka mara mbili. Nikampandisha kwenye keria aone mwenyewe. Mtaa mmoja tu. Alishuka ameshika kiuno, akamwomba Marete, aliyekuja kutazama, ampeleke kwa Kinanu. Marete! Alimwendesha kama trei ya mayai.

Kinanu alikuja baadaye, macho mekundu. Baba yake amesema fahali awe bomani kwake kabla ya sikukuu ya Jamhuri, la sivyo atasikiliza wengine. Lakini Hersi hajamchinja fahali! Kinanu mwenyewe amekwenda kumbembeleza, na Hersi amekubali turudishiane. Akaniambia, “Mungania, mimi sitaki pikipiki. Nataka wewe, na hiyo ng’ombe.” Nililia. Niliapa kwa jina la mama. Kesho narudisha.

Jumapili, 16 Oktoba
Nimefika kwa Hersi asubuhi na mapema, nia safi. Fahali alinitambua. Nikashika kamba. Halafu nikaona, nyuma ya boma, chini ya turubai, kigari cha ubavuni cha pikipiki hiihii! Gurudumu lake, kiti cha ngozi, kamlango kadogo. Nikaelewa yote. Mzee hakuchukia pikipiki. Alichukia keria!

Hersi alinisihi nichukue fahali wangu niende. Mimi nikaomba kigari kwa kondoo dume; alikataa mara tatu. Ya nne alichoka. Kondoo dume amekwenda, fahali amebaki kwa Hersi, kigari kimekuja. Mzee atakaa humo kama mkuu wa wilaya. Kinanu sijamwambia, nataka afurahi ghafla.

Tatizo dogo moja. Springi ya kigari nayo inalia. Kesho nampitia Mama Asho anipimie samli.