Kompyuta Yenu Imeniita Mdaiwa Mbele ya Wakwe

Kaloleni, Kisumu
Agosti, 1999

Kwa Meneja,
Wimbi Mtandao, Kisumu.

Bwana Meneja mpendwa,

Natumai hujambo, na kompyuta zako pia hazijambo, ingawa hizo nina wasiwasi nazo. Mimi ni Zadock, mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Usenge, ambaye ukurasa wake mnautunza mtandaoni: nimevaa tai, gunia la omena liko kando yangu. Nalipa kila mwezi na risiti ninazo. Naandika kwa heshima na kwa hasira, naomba upokee zote mbili.

1. Jumatatu fundi wenu Abeid alibadilisha programu ya bili. Aliifuta ya zamani kwanza, ndipo akaweka mpya, wala hakubaki na nakala. Hiyo mpya ilipoamka haikumjua mtu. Ikaamua kwamba wateja wote ni wadaiwa, ikafunga kurasa zetu.

2. Palipokuwa na picha yangu sasa pameandikwa kwa herufi nyekundu kwamba Zadock hajalipa. Ningevumilia, maana omena hawasomi. Lakini siku hiyohiyo Wabwire, anayetaka kumwoa binti yangu Awuor, aliwaita wazee wake kutoka Funyula waje ofisini kwake wamwone baba mkwe kwenye kompyuta. Wakaniona! Walikuwa waje kwangu Jumamosi kuzungumza mahari, na tangu hapo wako kimya. Awuor hali chakula. Nikimwambia ni makosa ya mashine, anafunga mlango. Inaniuma sana, Bwana Meneja. Naye mke wangu Selpha ameniuliza mbele ya majirani, "Baba Awuor, sasa hata kompyuta unakopa?"

3. Sisi watu wa ziwa hatuhami hivyo. Mtu akienda kufungua boma jipya, hutangulia na jogoo, mwanawe wa kwanza anabeba shoka, mama anakuja na moto. Kibanda kinajengwa siku hiyohiyo, wanalala humo, na jogoo akiwika asubuhi wanajua pamekalika. Muda huo wote nyumba ya zamani bado imesimama. Abeid ameibomoa sisi tukiwa ndani, sufuria iko mekoni.

4. Kwa hiyo siku nyingine programu mpya muiweke kwenye kompyuta ya pembeni, pamoja na nakala ya majina yetu, ilale hapo usiku mmoja. Abeid alale nayo. Jogoo nitatoa mimi. Asubuhi ikitoa bili ya mteja mmoja sawasawa, ndipo sisi wengine tuhamishwe. Ikikataa, turudi kwa ile ya zamani na hakuna aliyeaibika.

5. Abeid aende Funyula mwenyewe, amevaa koti, akawaeleze wazee kwamba sidaiwi. Shoka abebe, asije akasema hakuambiwa jinsi watu wanavyohama.

6. Nawe Bwana Meneja uje Jumamosi ukae upande wetu kama mjomba wa Awuor. Ukiulizwa lolote, jibu kwamba nimelipa. Na wageni wasipotokea, kampuni yenu yenyewe italeta ng'ombe wa mahari. Nitapokea hata kwa awamu.

Nisalimie wote hapo ofisini, askari wa mlangoni, mama wa chai, na Abeid pia. Mwambie hasira yangu haijafika kwa wazazi wake.

Ni mimi, mteja wako asiyedaiwa,
Zadock

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Wabwire ameingia. Kumbe wazee wake walikuwa na hofu tangu mwanzo: baba mkwe mwenye tai, anayeonekana hadi Ulaya, atataka ng'ombe wangapi? Walipoona nimefungiwa kwa deni, wakapumua. Wakasema huyu ni mtu kama sisi. Kimya chao kilikuwa cha kutafuta gari, maana sasa wanakuja ukoo mzima. Awuor yuko jikoni, anakula huku akiimba. Tafadhali Bwana Meneja, msiguse kitu mpaka Jumapili. Na kama inawezekana, Abeid aniongezee deni kidogo.