Vyumba Sita vya Kusubiri Shirika

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kibondo. Vumbi tu. Mpangaji hakuna. Nyumba yangu ya vyumba sita bado imefungwa, ufunguo ninao shingoni. Mimi na mke wangu Immakulata bado tunalala bandani uani, miguu yangu ikigonga gunia la maharage. Wapangaji wangu wa shirika waliondoka kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa. Watarudi. Au watakuja wengine. Shirika halipangi nyumba inayonuka dagaa, ndiyo maana hatuingii.

Leo Immakulata ameuliza sebule tunamtunzia nani. Watoto wote wana makwao, tumebaki wawili. Nikamwambia avumilie. Akasema mwisho Saba Saba. Mpangaji asipopatikana, ama tunahamia ndani ama yeye anaondoka. Alikuwa anakata sombe, majani ya muhogo, na hakuinua kichwa. Hatanii huyu.

Alhamisi, 5 Juni
Adui nimemjua. Ni Gharibu mwenye duka. Nyuma ya duka amejenga vyumba vidogo vidogo, vyote vimejaa. Nimewakagua wapangaji wake. Nesi, peke yake. Mwalimu, peke yake. Pasikali wa bodaboda, peke yake na redio. Binti Irakoze, fundi cherehani, peke yake na cherehani. Na visufuria vyao! Paka hashibi.

Gharibu kanishauri kwa upole niikate nyumba yangu, kila chumba mlango wake, kwa kuwa watu siku hizi wanaishi mmoja mmoja. Niikate nyumba! Nikamjibu tatizo si nyumba, tatizo ni watu. Njiani nikapata akili. Wakioana watazaa. Wakizaa watataka vyumba. Basi nitawaoza mimi.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa nimeanza kazi. Nimemwambia Irakoze kwamba Pasikali hana usingizi kwa ajili yake. Uongo mtupu. Irakoze akacheka, akasema Pasikali anakula kwake kila jioni na usingizi anao mwingi, mpaka anakoroma kwenye kiti. Loo! Kumbe nusu ya kazi imeshafanyika. Jioni nimemwona Pasikali na kujiteua mshenga. Hakukataa. Sijui kama nilimpa nafasi.

Jumamosi, 14 Juni
Murungu, kwa wazazi wa Irakoze. Nimekwenda na pombe ya rubisi ya kutosha. Kwetu mshenga haropoki. Anaanza na mvua, anapita kwenye mihogo, anaulizia ng'ombe, pombe ikishazunguka ndipo anagusa shauri. Mimi nilianza na bati. Nikaingia kwenye sakafu, madirisha ya nyavu, tangi la maji. Mzee Ndihokubwayo, baba wa binti, akauliza kama nimekuja kuposa au kuuza nyumba. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Aliyeniokoa ni mama yake Irakoze. Alisema mshenga wa hovyo si kosa la bwana harusi. Wamekubali!

Nimemwambia Immakulata aanze kuhesabu wajukuu wa watu. Akasema anahesabu siku.

Jumamosi, 5 Julai
Harusi imefungwa. Nimecheza kuliko wenye harusi. Kisha nikawavuta maharusi pembeni na kuwaonyesha ufunguo. Pasikali akanishukuru kwa mikono miwili, akasema watakaa chumbani kwa Irakoze. Chake amekwisha kukirudisha kwa Gharibu. Mtu na mkewe, chumba kimoja kinatosha. Na watoto je? Wanataka mmoja, tena baadaye. Mmoja!

Yaani nimetoka jasho, nimetukanwa Murungu, na mji umepungukiwa mpangaji. Ila Gharibu naye ana chumba kitupu. Aonje.

Jumatatu, 7 Julai
Saba Saba. Immakulata amekunja mkeka. Nilidhani anafagia. Alipobeba jiko nikajua mambo yameharibika. Amepanga kile chumba alichoacha Pasikali. Gharibu kamkaribisha kwa chai na maandazi.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Chumba kina dirisha. Alikuwa amejilaza, amenyoosha miguu yote, na haikugonga kitu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Baba Niyonkuru," akaniambia, "mimi sihitaji shirika. Fungua nyumba yetu, nitarudi leo hii."

Nimerudi nikilia barabarani, na waliocheka niliwaona. Nimesonga ugali, umetoka uji. Banda limekuwa kimya mno. Nampenda yule mwanamke.

Jumanne, 8 Julai
Nimeamka nimeshaamua. Nimevua ufunguo, nimefungua mlango mkubwa, nimefagia hata sebule. Nilikuwa navaa viatu nikamwite Immakulata. Mara gari jeupe likapita mbele ya nyumba, polepole sana. Vile wanapita watu wa shirika tu, wakitafuta nyumba. Jirani anasema dereva alikuwa anakwepa shimo. Wivu unamsumbua.

Nimefunga. Ufunguo umerudi shingoni. Kesho nitakwenda kumwambia Immakulata asubiri kidogo tu, halafu arudi tukae kwa raha bandani. Nafasi sasa ipo, maana gunia la maharage ameondoka nalo.