Chelezo cha Migomba kwa Ng'ombe Mmoja na Mbuzi Mmoja

Jumatatu, 8 Julai

Mto umepanda vidole vinne tangu jana. Kijiti changu cha kupimia hakidanganyi. Sisi wa visiwa vya mchanga vya mto Jamuna hatuna papara: maji huja, maji huondoka. Mke wangu, Rahela, ameshapandisha jiko la udongo juu ya kitanda, amefunga mchele wa kukaanga mfukoni na kuwatia bata kwenye tenga. Kasema wamebaki ng'ombe na mbuzi wake, na mbuzi ana mimba, basi tuwapeleke kwa jirani yetu Sobhan. Tuta la nyumba yake limelizidi letu kwa mikono miwili.

Nimekataa. Kiangazi chote Sobhan alikuwa akibeba udongo wa kuliinua tuta lake huku akiniuliza kama usingizi unalipa. Siendi kumpigia magoti mtu huyo. Nina mpango wangu.

Jumanne, 9 Julai

Mpango: chelezo. Nimekata migomba kumi na minne, yote tuliyokuwa nayo, nikaiunganisha kwa vijiti vya mwanzi. Kinaelea! Rahela kauliza mwaka huu tutakula ndizi za nani. Nimemwambia avute subira.

Sobhan kapita na mtumbwi wake, kasimama, katazama sana. Kasema kazi safi, kaka, ila wanyama usiwapandishe mapema. Nikamuuliza kwa nini. Kasema nitaona mwenyewe. Wivu huo.

Jumatano, 10 Julai, adhuhuri

Maji uani yamefika magotini. Rahela kaniomba tena, safari hii kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya. Kasema, mume wangu, mbuzi huyu nilimlea kwa chupa baada ya mto kumchukua mama yake. Mto ukimchukua na huyu, narudi kwa kaka zangu, na usinifuate.

Niliumia, nakiri. Kwa hiyo nimefanya jambo la busara. Nimewapandisha wote wawili kwenye chelezo sasa hivi, nikakifunga kwenye nguzo, ili wazoee. Majani sikuwawekea, yangeongeza uzito. Wametulia kabisa. Sijapata kuona wanyama waliotulia namna hii. Najilaza kidogo.

Alhamisi, 11 Julai

Wamekula chelezo.

Hapa kwetu, mafuriko yakija, ng'ombe hulishwa migomba. Kila mtu anajua. Hata mimi huwalisha mwenyewe. Kwa nini sikukumbuka, sijui. Ng'ombe alianzia nyuma, mbuzi mbele. Nilipoamka jana alasiri vilikuwa vimebaki vigogo viwili na vijiti vya mwanzi, na maji yalikuwa yamepanda. Ng'ombe kazama mpaka kifuani, mbuzi kapanda mgongoni kwake, miguu inamtetemeka. Rahela alikuwa ndani ya maji amemshikilia mbuzi kwa mikono yote miwili, analia. Alikuwa akimwita Sobhan. Mimi nilikuwa karibu zaidi.

Sobhan akaja. Akamtia mbuzi mtumbwini, ng'ombe akaogelea nyuma, kisha akarudi kutuchukua sisi na tenga la bata. Nilingoja anicheke, hakucheka. Alisema tu, pole kaka, angalau wameshiba. Heri angecheka.

Jumapili, 14 Julai

Siku ya tano juu ya tuta la Sobhan. Ni kavu, siwezi kusema uongo. Mbuzi kazaa mapacha leo asubuhi, na Rahela kawafuta kwa ncha ya sari yake. Nilipomwona anacheka nao nilishukuru sana, na nikaona haya. Mmoja kampa Sobhan bila kuniuliza. Na mimi haongei, ila akiwa na neno huwaambia bata, nami nikiwapo.

Nimekaa, nimetafakari kwa utulivu, na kosa nimeliona. Migomba ilikuwa mibichi mno. Ina maji, ina utamu, mnyama gani asingeshawishika? Mwakani natengeneza chelezo cha mabua ya mahindi, makavu, yaliyofungwa mafungu mafungu. Nimemweleza Rahela mpango wote. Kaondoka nikiwa katikati. Mbuzi ndiye aliyebaki, akanisogelea, akanisikiliza mpaka mwisho.