Kuhusu Kifo cha Mama Tome Katika Kipindi cha Tisa

Anderlecht, tarehe 6 Oktoba

Bwana Mkurugenzi wa katuni ya televisheni "Mpishi wa Gati la Tisa",

Poleni na kazi. Mimi ni Emmanuella, nimemaliza shule mwezi wa sita, na sipendi kusumbua watu. Kwa miaka miwili nimemsomea Koko, mama mzazi wa mama yangu, vitabu vya manga, hadithi za picha za Kijapani, mnavyovitengenezea katuni. Natafsiri Kifaransa kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu hasomi Kifaransa, na macho yake hayaoni picha ndogo. Jumapili tuliangalia kipindi cha tisa, na mpishi mzee, Mama Tome, akafa. Koko alizima televisheni, akaniambia: "Mutoto, ulinidanganya. Ulisema huyu muntu ni muzima."

Malalamiko yangu ni ya kibiashara.

1. Aliyependa kitabu ni mteja wenu tayari. Kumbadilishia hadithi ni kumfukuza dukani akiwa na pesa mkononi.

2. Kumuua mtu ni kazi ya ziada. Mmechora jeneza, mvua na watu thelathini wanaolia. Mama Tome akiwa hai anahitaji sufuria tu.

3. Siku hiyo sebuleni walikuwepo wamama kumi na mmoja wa kikundi cha maombi. Maman Cécile, anayeuza vitenge mtaa wa Matonge, alikuwa tayari kuagiza kitenge chenye uso wa Mama Tome. Sasa anasema hawezi kuvalisha kanisa zima uso wa marehemu, watu watauliza matanga ni wapi.

4. Barua za komini, ofisi ya mji, Koko alikuwa ananipa mimi nimsomee. Sasa anampelekea jirani Guylain, ambaye juzi alimwambia kwamba ratiba ya takataka ni mwaliko wa harusi. Hii si biashara, lakini sikujua pa kuiandika.

Kwa hiyo naomba mheshimu kitabu, mumrudishe Mama Tome jikoni katika kipindi cha kumi.

Wasalimieni wachoraji, wapiga muziki, na yule anayefanya sauti ya paka. Koko hawasalimii bado.

Kwa heshima na subira,
Emmanuella Kahambu

P.S. Nimemsomea Koko mpaka hapo juu, akaridhika. Yanayofuata ni yetu, mimi na ninyi. Kitabu cha tatu, ukurasa wa 112, Mama Tome anakufa, na mvua na jeneza vipo. Mimi nilitafsiri "amepumzika", kama wanavyosema kanisani. Koko akajibu: "Apumuzike, anatumika kazi sana. Kesho atapika nini?" Niliona haya kumsahihisha, nikasema maharagwe. Tangu hapo, vitabu vinane, anayepika jikoni mwa Mama Tome ni mimi, kwa kutunga. Ninyi mlifuata kitabu vizuri kabisa. Tafadhali msirudie.